Waini Aliyoitema Baba

Juzi, nikiteremka kwa miguu kutoka Milimani kwenda katikati ya mji wa Kisumu, nilipita chini ya mti wa jamna uliokuwa umemwaga matunda yake yote njiani. Wengine mnaziita zambarau. Sisi tuliokulia upande huu wa ziwa tulijua jina moja tu, na wa rika langu mnakumbuka tulivyorudi nyumbani na ndimi zilizobadilika rangi huku tukiapa kwamba hatujapanda ukuta wa mtu. Matunda yalikuwa yamepondwa na magurudumu, yamekaa juani siku mbili tatu, na harufu iliyopanda kutoka kwenye lami ilikuwa ile ya tunda linaloanza kugeuka kuwa kitu kingine. Nikasimama. Siku hizi natengeneza waini, ndiyo kazi inayonilisha, na harufu hiyo naishi nayo miezi mingi ya mwaka. Lakini pale barabarani, bila pipa wala chupa mbele yangu, ilinishika vibaya. Kwa dakika nzima nilikuwa tena na miaka tisa, nikiwa na hakika kabisa kwamba baba yangu anataka kuua watu.

Baba alikuwa amefanya kazi katika maabara ya kiwanda kimoja cha sukari, ukishapita Awasi. Kazi yake ilikuwa kupima utamu wa maji ya miwa kabla hayajapikwa. Alitumia kidude cha kioo, chembamba kama kipimajoto, kizito upande wa chini, ambacho ukikitia kwenye maji matamu huelea kikiwa kimesimama wima. Kadiri maji yalivyokuwa matamu, ndivyo kilivyosimama juu zaidi. Kiwanda kiliposimama, wafanyakazi wengine waliondoka na viti, wengine na mabati. Baba aliondoka na kidude hicho, amekifunga ndani ya soksi.

Tulirudi kuishi kwenye boma la babu, karibu na Kombewa. Kuna kipindi baada ya hapo ambacho sikikumbuki vizuri. Nakumbuka mama akila peke yake. Nakumbuka viatu vya baba mlangoni asubuhi, kimoja kina matope na kingine kisafi. Nakumbuka nikiambiwa baba ni mgonjwa, nisipige kelele. Halafu akapona, au hivyo ndivyo nilivyoelewa, na alipopona akaanza kutengeneza waini.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunichanganya, kwanza kwa majina. Baba aliita kitu kile waini. Mama, akilazimika kukitaja, alisema pombe, tena akiwa amegeuka upande wa jiko. Kanisani kulikuwa na divai, na kila mtu alipiga magoti mbele yake. Mimi nilidhani ni vitu vitatu. Divai ilikuwa ya Mungu, pombe ilikuwa ya walevi waliopita barabarani wakiimba, na waini ilikuwa ya baba, kitu cha katikati ambacho sikujua kinaelekea upande gani. Nilipomuuliza mwalimu wa shule ya Jumapili kama waini inakubaliwa mbinguni, aliniuliza nimelisikia wapi neno hilo.

Jamna zenyewe zilitoka Kisumu mjini. Familia moja ya Kihindi yenye duka la vipuri ilikuwa na miti mitatu mikubwa uani, na bibi wa nyumba ile alichoka na sementi yake kugeuka zambarau kila msimu. Alimruhusu baba achukue zote, mradi afagie na aoshe sakafu. Siku moja baba alinichukua tukaenda pamoja. Bibi yule alinipa jamna kwenye kibakuli, zimenyunyiziwa chumvi, akaningoja nionje. Sikuwa nimewahi kula tunda na chumvi. Ilikuwa kama kusikia mtu unayemfahamu akiongea lugha nyingine. Baba naye akaonja, akafumba macho, akasema pole pole, "Kumbe hapo ndipo imejificha." Sikujua ni nini kilichojificha, na hakunieleza.

Chumba cha waini kilikuwa kile alichokuwa akilala babu alipokuwa hai. Baba alikiziba madirisha kwa magunia, na magunia akayalowesha maji mara mbili kwa siku, kwa sababu joto la kwetu lilikuwa adui yake mkubwa. Alikamua jamna kwa mikono, ndani ya mfuko wa kitambaa, taratibu, asivunje mbegu, maana mbegu ikivunjika uchungu wake hautoki tena. Maji yake aliyatia kwenye zile chupa kubwa za plastiki za maji ya ofisini, nne, na kila moja akaipitishia mpira mwembamba kama wa dripu, ncha yake ikizama kwenye chupa ya soda iliyojaa maji. Kwa wiki kadhaa mipira ile ilitoa mapovu mchana kutwa. Baba aliinama akasikiliza, chupa moja baada ya nyingine, kama daktari anayezunguka wodini.

Kazi yangu ilikuwa kunusa. Alinikataza kabisa kuonja, lakini kila Jumamosi alinishikia kikombe puani na kuniuliza kinanukia nini. Mwanzoni nilijibu kama mwanafunzi: matunda, sukari, maua. Alitikisa kichwa. Hakutaka majibu ya kitabuni. Alitaka nimwambie kitu nilichokuwa nimekinusa kwa pua yangu mwenyewe, hapa hapa kwetu. Basi siku moja nikasema kinanukia kama gunia la mahindi lililonyeshewa, nikidhani atakasirika. Alifurahi, akachukua kalamu akaandika. Wiki nyingine nikasema kinanukia kama dawati jipya, halafu kama mikono ya mama akitoka kuchuma kunde. Akaandika vyote. Siku ile alinieleza jambo refu kuliko yote aliyowahi kunieleza: kwamba angeweza kutia rangi, angeweza kutia sukari mwishoni ifiche makosa, na watu wangeipenda upesi, ila yeye alitaka mtu akiinywa akiwa mbali, Nairobi au popote, ajue imetoka wapi bila kuangalia karatasi. Nilimsikiliza kwa heshima. Nilichoelewa ni kwamba waini hiyo itasafiri, na itanywewa na watu wengi.

Kisha nikamwona akitema.

Labda alikuwa ametema siku zote na mimi sikuwa nimeangalia. Siku hiyo niliangalia. Alichota waini kwa kijiko, akaizungusha mdomoni mashavu yakichezacheza, akafumba macho. Halafu akainama akaitema kwenye mkebe, yote. Akachukua maji akasukutua, akatema. Akasukutua tena, akatema tena, na mara ya tatu akafuta ulimi kwa kitambaa. Aliponiona mlangoni alifunika mkebe haraka, kama mtu aliyekutwa na kitu.

Ningeweza kulisahau jambo hilo kama si Baba Pamela. Huyu alikuwa jirani yetu wa karibu, aliyekuwa akifanya vibarua Kisumu na kupanga chumba huko huko, mtaa wa Obunga. Wiki hizo hizo alirudishwa nyumbani akiwa ameshikwa mkono na shemeji yake. Alikuwa amekunywa kitu mahali fulani, na kesho yake akaamka haoni. Nilimtazama kupitia ua uliotenganisha maboma yetu akijifunza boma lake upya, akigusa nguzo ya ghala, akigusa mti wa kuanikia nguo, akisimama. Alikuwa mtu mkubwa, na alitembea kama anayevuka mto asioujua kina chake.

Mama Pamela alikuja kuazima chumvi, nami nikamuuliza ilikuwaje. Aliniambia bila kuficha, kama watu waliochoka wanavyoongea na watoto. Walimwekea sumu kwenye pombe. Nikauliza ni nani waliweka. Akasema ni wale wanaopika.

"Kwani wao hawakupofuka?" nikauliza.

"Wao? Hao wenyewe hawagusi," akasema Mama Pamela. "Wanajua kile wameweka."

Alichukua chumvi yake akaenda. Nilibaki jikoni nimeshika kifuniko cha mkebe wa chumvi, na kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani mwangu, kwa ule mpangilio safi ambao mtoto huuamini kuliko mtu mzima. Wanaopika hawagusi. Baba hagusi. Baba akiitia mdomoni anaitema, anasukutua mara tatu, na akionwa anafunika mkebe.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kwa siku kadhaa nilimchunguza baba akila, akicheka, akinifunga kamba ya kiatu, nikitafuta mahali ambapo ubaya ule ulikuwa umekaa, nisiuone. Alikuwa baba yule yule. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mwishowe nikajaribu kwa mama, kwa kuzunguka. Nilimuuliza waini ya baba ni ya nani. Akanijibu kwamba Jumamosi atakuja Bwana Dismas, mwenye hoteli ya kando ya ziwa kule Kisumu. Akiipenda, atakuwa akiichukua yote, msimu kwa msimu, na baba atakuwa amepata kazi ya maana tena.

"Na wageni wa hoteli ndio watakunywa?"

"Ndio hao."

"Na wewe umekubali?"

Mama aliendelea kuchambua omena, akitupa vichwa upande huu na miili upande ule. "Mimi sina neno," akasema. Na kwa namna alivyolisema nikajua kwamba ana neno, ni kubwa, na analijua siku nyingi. Basi hata mama anajua, nikawaza. Nilikuwa nimebaki peke yangu kwenye boma lile.

Siku ya Alhamisi shule ilifungwa mapema. Mama alikuwa sokoni Kombewa, baba ameenda Kisumu kutafuta vizibo vya chupa. Niliingia katika chumba cha babu, nikavuta mipira yote minne. Chupa zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, kwa hiyo niliziviringisha kwa ukingo wa chini, moja moja, hadi kizingitini, nikazilaza zikitazama nje. Waini ilitoka kwa sauti ya ng'ombe anayekunywa maji. Ilikuwa imekaa miezi mingi ikijitakasa, nyekundu nyeusi, angavu, na jua lilipopita ndani yake iliweka rangi mlangoni na miguuni kwangu. Niliona ni nzuri. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba niliona ni nzuri na nikawaza kwamba ndivyo sumu inavyokuwa. Nilikuwa nalia, lakini sikuacha.

Waini iliteremka uani, ikajikusanya kwenye shimo ambalo bata wa Mama Pamela walizoea kuoga wakati wa mvua. Bata sita walipita chini ya ua kama walioitwa. Niliwafukuza kwa ufagio. Walikwenda huku wakarudi huku. Wakanywa. Baada ya muda mmoja akaanza kutembea akielekea upande ambao kichwa chake hakielekei, mwingine akaketi katikati ya njia, na hatimaye wote sita wakalala kwa ubavu, shingo zimenyooka mchangani. Nilitupa ufagio. Nilikuwa nimekosea kuhusu mambo mengi maishani, hata kwa umri ule, lakini hili nilikuwa nimelipatia. Bata walikuwa wamekufa. Na kama wangekuwa watu?

Nikasikia hatua. Baba Pamela alikuwa amesimama kwenye pengo la ua, uso ameuinua, pua inafanya kazi.

"Ni nani amemwaga kitu?" akauliza.

Nilimwambia asikaribie. Nilimwambia kuna sumu chini, na bata wake wamekufa, na nikamwomba msamaha kwa ajili ya bata. Badala ya kurudi nyuma alikuja mbele, mkono mmoja umetangulia, mpaka mguu wake ukakanyaga tope. Akachuchumaa. Akachovya vidole viwili, akavinusa kwa muda mrefu. Nilipiga kelele nikamshika shati. Akaushika mkono wangu akautoa, bila nguvu.

"Mimi najua sumu inanukia aje," akasema. "Hii ni jamna."

Hakuilamba. Alifuta vidole kwenye suruali, polepole, kidole baada ya kidole, halafu akageuka akarudi kwake akigusa ua. Sikujua nimwamini nani. Mbele yangu kulikuwa na bata sita wafu na mtu aliyepofuka kwa sumu akiniambia si sumu. Nikaketi kizingitini, miguu katika rangi ile, na nilipoinua macho bata mmoja alikuwa amesimama. Alisimama kama mtu anayetafuta funguo. Akatikisa mkia. Wa pili akainua shingo. Kabla jua halijahama kutoka kwenye paa la ghala, wote sita walikuwa wameondoka kwa mstari uliopinda, wakilalamika, na mimi sikubaki na jambo hata moja nililolielewa.

Baba ndiye aliyefika kwanza, na mfuko wa vizibo mkononi. Alisimama pale lango lilipo. Aliangalia chupa, akaangalia uwanja, akaweka mfuko chini taratibu kana kwamba ndani yake kuna mayai. Aliuliza kama zilianguka. Nikasema hapana, nilizimwaga.

"Kwa nini, nyathina?"

Nyathina ni mwanangu, kwa Kijaluo, na baba alilitumia neno hilo nikiwa na homa tu. Lilinivunja. Nikamweleza yote kwa pamoja, Obunga na macho ya Baba Pamela na mkebe na watu wa hoteli. Wakati nasema, mama aliingia na kikapu chake cha sokoni, akasimama nyuma ya baba, akasikia.

"Wewe mwenyewe huinywi," nikamalizia. "Unaitema, halafu unasukutua."

Baba alimtazama mama. Mama alitazama chini. Halafu baba akapiga goti moja mbele yangu, kwenye tope lile lile.

"Hii kitu haina sumu," akasema. "Ni mimi ndiye siwezi kumeza."

Hakunigusa, wala hakunipiga. Aliingia ndani akaanza kuzisimamisha chupa. Aliyelia alikuwa mama, ameketi juu ya kikapu kilichobonyea chini yake, analia kwa sauti. Yeye aliyeiita pombe. Yeye ambaye kwa miezi yote ile hakuwahi kuvuka mlango wa chumba kile. Kwa nini alie kwa kitu asichokitaka? Nilikwenda kumwambia basi sasa imekwisha, hatutakuwa nayo tena, nikidhani namfariji, akanivuta kifuani akazidi.

Usiku nililala nikiwa na jibu jipya. Baba hawezi kumeza. Ndio ule ugonjwa wake wa zamani, nikajiambia, umehamia kooni. Kesho yake nilimpikia uji mwepesi nikaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe. Nilimpondea ugali kwenye mchuzi. Nilimtolea samaki miiba yote, hata ile midogo ya mkiani. Baba aliangalia sahani yake, akaniangalia, akala vyote bila kuuliza.

Siku hizo mbili mama alimsihi atume neno kwa Bwana Dismas asije. Baba alikataa. Alisema mtu aliyeahidiwa kitu anapaswa kuambiwa uso kwa uso kwamba hakipo.

Jumamosi Bwana Dismas alikuja na gari lake, mtu mnene mwenye adabu nyingi. Alikuwa amebeba glasi zake mwenyewe, tatu, zenye miguu mirefu, amezifunga kwenye gazeti. Alizifungua mezani moja moja na kuzipangusa. Baba alimngoja amalize. Kisha akamwambia waini imeharibika. Akasema makosa ni yake, alikosea wakati wa kuihamisha, hajui kazi vizuri bado.

Nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Tulikuwa tumefundishwa kwamba uongo ni dhambi hata ukisemwa na mkubwa, na zaidi ya hapo nilijua jinsi alivyojua kazi yake. Nilikuwa nimeinusa Jumamosi baada ya Jumamosi.

"Haikuharibika," nikasema. "Mimi ndiye niliimwaga. Nilifikiri ni sumu."

Bwana Dismas alinigeukia. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kwa upole ni nini kilichonifanya nifikiri hivyo. Nikamtazama baba, na baba akanitazama, na nikaona uso wake unabadilika kama chumba ambacho mtu anafungua dirisha ndani yake.

"Kwa sababu hajawahi kuniona nikimeza," akasema baba. "Mimi ni mlevi, Bwana Dismas. Ni mwaka wa pili sijanywa, lakini ni mlevi. Nikimeza kijiko kimoja, siwezi kujua nitalala wapi. Ndiyo maana natema."

Mama alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Vikombe viligongana mara moja, vikatulia.

Bwana Dismas alikunywa chai yake yote. Alisifu chai. Alisema atafikiria na atarudi msimu ujao, akazifunga tena glasi kwenye gazeti, moja moja, na baba akamsindikiza hadi kwenye gari. Hakurudi msimu ule wala mwingine. Nimepita mbele ya hoteli yake mara nyingi nikiwa mtu mzima, na sijawahi kuingia kumuuliza. Huenda aliogopa kununua waini kwa mtu wa namna ile. Huenda alisahau tu.

Baba alikwenda nyuma ya nyumba kuosha chupa, nikamfuata. Neno lile lilikuwa limenishinda. Walevi niliwajua, walikuwa watu wa kuimba barabarani, na baba hakuwa akiimba. Mtu asiyekunywa angekuwaje mlevi? Lakini sikujua namna ya kuuliza hilo, kwa hiyo niliuliza nililoweza. Niliuliza koo lake litapona lini.

Alitia maji ndani ya chupa, akaitikisa, akayamwaga.

"Haitapona," akasema. "Lakini si kila siku inauma."

Ilinichukua miaka mingi kujua tulikuwa tukizungumza kuhusu nini. Nilikuja kusomea mambo ya vyakula, nikafanya kazi katika viwanda vya watu, nikajifunza majina ya kitaalamu ya vitu ambavyo baba aliviita kwa kuvionyesha kwa kidole. Tulipoanza kutengeneza pamoja, nikiwa mkubwa, yeye alipima na kukamua, mimi nikaonja kwa niaba ya wote wawili, na kila mara aliniuliza inanukia nini, asikubali jibu la kitabuni. Alifariki akiwa hajanywa tena. Sasa wageni wanaokuja kwenye chumba changu cha kuonjea huniuliza falsafa yangu ni nini, wanapenda neno hilo, nami huwaambia sifichi kosa kwa sukari. Huandika hivyo kwenye simu zao wakidhani nazungumza juu ya waini peke yake. Ni kweli pia, kwa hiyo siwasahihishi.

Lakini siku ambayo hadi leo inanichanganya kwa utamu wake ni Jumatatu baada ya ile Jumamosi. Mvua zilikuwa zimekaribia. Niliamshwa na sauti ya jembe, nikatoka nikamkuta mama katika bustani yake ya sukuma wiki, ile iliyomlisha yeye na kutulisha sisi tangu kiwanda kisimame, aliyokuwa hamruhusu hata kuku kuikaribia. Alikuwa ameng'oa mistari miwili na kuirundika kando. Kumbe baba alikuwa amemwomba kipande hicho mara mbili apande rozela, yale maua mekundu ambayo watu huchemsha kama chai, ajaribu waini nyingine, na mara zote mbili mama alikuwa amekataa bila kumpa sababu. Baba alitoka nyumbani akiwa bado na shati la kulalia. Alisimama pale, asijue afanye nini na mikono yake.

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa na udongo hadi magotini, na sikumwelewa, kwa maana mume wake alikuwa ametamka lile neno baya mbele ya mgeni, mgeni alikuwa ameondoka, hatukuwa na waini wala mnunuzi, na uso wa mama ulikuwa mwepesi kuliko nilivyowahi kuuona.

"Hiyo rozela yako," akamuuliza, "inapandwa umbali gani, mmoja na mwingine?"

Baba alivua viatu. Akapima kwa nyayo zake, kisigino kwa vidole, nyayo tatu na nusu, akaweka alama kwa kijiti. Akapima tena. Na mama akamfuata nyuma kwa jembe, akichimba pale alipoonyeshwa.